Jeti ya mtumba na dharau yetu kwa pangaboi

Septemba 2016, ndege mbili za Bombardier Q400 zilipotua Dar es Salaam kwa ajili ya Air Tanzania, mabishano yaliyowaka vijiweni na mitandaoni hayakuwa ya njia zitakakopelekwa wala ya nauli. Yalikuwa ya pangaboi. Iweje nchi inunue ndege za pangaboi zama hizi? Neno lenyewe limetoka kwenye feni ya darini, likapewa ndege inayovutwa na mapanga yanayozunguka, na lilibeba dharau yote iliyohitajika: pangaboi ni polepole, ni kelele, ni mambo ya zamani. Ndege ni jeti.

Q400 zile zikaenda kufanya kazi Bukoba na Kigoma, na kelele zikapoa. Lakini dharau haikufa. Imehamia kwa wafanyabiashara wetu waliofika hatua ya kutaka ndege yao wenyewe, na huko inawagharimu fedha nyingi kuliko wanavyodhani. Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege kwa muda mrefu, na kila baada ya miezi michache naletewa picha zilezile kwenye simu: jeti ndogo nyeupe yenye mistari ya bluu ubavuni, viti vya ngozi, na bei ambayo mtu anaweza kuilinganisha na nyumba ya ghorofa Masaki. Swali nalo ni lilelile. Fundi, hii vipi?

Wa karibuni kuniuliza ni mzee mmoja wa Kanda ya Ziwa mwenye viwanda vya kuchambua pamba. Ofisi yake iko Mwanza, benki zake na wanunuzi wake wako Dar, na mashine zake ziko kwenye miji ambayo ndege za abiria hazifiki. Ni mtu makini, anayejua bei ya kila bolti kiwandani kwake. Dalali alikuwa amempelekea Cessna Citation II ya miaka ya themanini, kwa bei iliyo chini ya dola milioni moja. Alikuwa ameshaanza kutafuta rubani. Nilimwomba kitu kimoja kabla hatujazungumza habari za ndege: aniandikie safari zake zote za mwaka uliopita, alikwenda wapi, na watu wangapi, na alirudi lini. Orodha ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu ni orodha ya watu wengi wa ukanda wetu.

Kwanza, kwa nini jeti hizi ni rahisi kiasi hiki? Citation ya kwanza iliruka mwaka 1969 kule Wichita, Kansas, na kuanza kuuzwa mwaka 1972. Cessna walikusudia kutengeneza jeti ambayo rubani wa kawaida angeimudu, yenye mabawa yaliyonyooka, inayotua taratibu, isiyo na tabia za kushtukiza. Walifanikiwa. Zikatengenezwa kwa wingi, zikafuatiwa na Citation II, Citation V, kisha CitationJet ya mwaka 1992 yenye injini za Williams, kisha Mustang iliyoidhinishwa mwaka 2006 na kusimama kutengenezwa mwaka 2017. Ni ndege nzuri, na sina neno baya dhidi ya walioziunda. Tatizo ni kwamba ndege haipungui gharama za kuitunza kwa sababu bei yake imepungua. Kipuri cha ndege iliyonunuliwa kwa dola laki saba kina bei ileile iliyokuwa nayo ndege hiyo ilipokuwa mali ya mamilioni. Kwa kweli kinapanda, maana watengenezaji wake wanapungua.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni injini. Citation I na II zinatumia injini za JT15D za Pratt & Whitney Canada, na kwa kawaida injini hizo hufumuliwa na kuundwa upya kila baada ya saa 3,500, na sehemu yake ya moto hukaguliwa katikati ya safari hiyo. Ndege ina injini mbili. Kazi ya kuzifumua zote mbili inaweza kuzidi bei ya ndege nzima iliyosimama pale kiwanjani. Hapo ndipo penye siri ya bei ya dalali. Mwenye ndege kule Marekani amepiga hesabu, ameona injini zimebakiwa na saa mia kadhaa, ameona ukaguzi mkubwa unakuja, na ameamua kwamba ni nafuu kumwuzia mtu mwingine mzigo huo kuliko kuubeba. Mnunuzi anaona ndege ya bei poa. Muuzaji ameondokana na deni.

Kwa hiyo jeti ya mtumba haipimwi kwa mwaka iliyotengenezwa wala kwa ngozi ya viti. Inapimwa kwa saa zilizobaki kwenye injini, na kwa jibu la swali moja: je, injini zimo kwenye mpango wa kulipia kwa saa? Pratt & Whitney wanao mpango wao, Williams wanao wao, na zipo kampuni huru zinazofanya hivyo. Mwenye ndege hulipa kiasi fulani kwa kila saa anayoruka, na siku ya kufumua injini ikifika, mpango ndio unaobeba gharama. Ndege iliyomo kwenye mpango, na ambayo malipo yake hayana malimbikizo, huuzwa ghali zaidi, na inastahili. Citation II ya mzee wangu haikuwa kwenye mpango wowote.

Sasa tuje kwenye kasi, ambayo ndiyo sababu mtu anaitaka jeti. Mustang husafiri kwa takriban kilomita 630 kwa saa ikishafika juu. Pilatus PC-12, pangaboi ya injini moja ambayo huko angani kwetu inaonekana kila siku, huenda kama 490. Ukizisoma namba hizi kwenye karatasi unaona pengo kubwa. Zipeleke angani. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kilomita 390 hivi. Pengo lile la kasi linakupa dakika kumi. Nairobi hadi Mombasa, kilomita 430, ni kumi na moja, kumi na mbili. Mwanza hadi Dar, kilomita 850, ni dakika ishirini na kidogo. Na hesabu hii imeipendelea jeti, kwa sababu nimechukulia kana kwamba inaruka kwa kasi yake kamili tangu magurudumu yanapoachana na ardhi. Haiwi hivyo. Jeti ndogo inataka kupanda hadi futi 35,000 au 40,000 ndipo injini zake zianze kula mafuta kwa adabu. Kwenye safari ya Dodoma haijamaliza kupanda vizuri, waongoza ndege wanaiambia ianze kushuka. Inakuwa imetumia muda mwingi chini, kwenye hewa nzito, ambako injini za jeti hunywa mafuta kwa kasi inayotisha.

Dakika kumi. Mtu akitoka ofisini Posta hadi uwanja wa ndege wa Julius Nyerere saa kumi na moja jioni, foleni ya barabara ya Nyerere inaweza kuzimeza dakika hizo mara nne kabla hajafika getini. Na kwa Dodoma kuna jambo jingine ambalo wauza ndege hawapendi kulizungumza: tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inamfikisha mtu Dodoma kutoka Dar kwa muda usiofika saa nne, akiwa na kompyuta yake mezani. Kwa safari hiyo moja sioni hesabu yoyote ya ndege binafsi, ya aina yoyote, inayosimama kwa miguu yake.

Lakini dakika siyo hoja yangu kubwa. Hoja kubwa ni hewa na ardhi tuliyopewa.

Viwanja vyetu vingi viko juu sana. Wilson, Nairobi, kipo futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, na njia zake za kurukia zina urefu wa kama mita 1,500. Mchana wa nyuzi 27, hewa ya pale inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajihisi kama ipo futi 8,300. Bawa linapata hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, na ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Vitabu vya Mustang vinasema inahitaji takriban mita 950 kuruka ikiwa usawa wa bahari siku ya baridi ya wastani. Wilson saa nane mchana siyo usawa wa bahari. Rubani mwenye akili hapo hufanya moja kati ya mawili: anaacha mafuta au anaacha watu. Na hata bila joto, jeti ndogo kama ile ukiijaza mafuta tele, uzito unaobaki unatosha rubani, abiria wawili na mikoba yao. Mwenye ndege amenunua viti vinne vya nyuma, lakini safari ndefu akiwa navyo vyote vimejaa hawezi.

Injini za pangaboi hazikwepi sheria hizi za hewa, ila zimeundwa kuzivumilia. PT6 iliyomo kwenye PC-12 NG ina uwezo wa kutoa zaidi ya nguvu za farasi 1,700, lakini watengenezaji wameifungia 1,200 tu. Ile akiba ya juu ndiyo inayokuja kusaidia kwenye joto na mwinuko: hewa inapokuwa nyepesi, injini bado ina pa kuchota. Na wakati wa kutua, rubani anageuza pembe za pangaboi na kuifanya isukume hewa kwenda mbele, ndege inasimama hata kama lami ina maji. Mustang haina kifaa cha kugeuza msukumo wa injini. Phenom 100 na HondaJet, jeti ndogo nyingine, nazo hazina. CitationJet ina kifaa cha kupunguza msukumo, siyo kuugeuza. Ukitua na ndege hizi kwenye njia fupi wakati wa masika, unachokitegemea ni breki na matairi. Fikiria hilo Arusha, uwanja ulio futi 4,550, mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Na vumbi je? Orodha ya mzee ilikuwa na safari 46 kwa mwaka. Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa za kwenda kwenye viwanja vya changarawe karibu na viwanda vyake. Jeti ndogo ya mtumba haitui hapo. Injini zake zipo nyuma na chini, magurudumu yanarusha kokoto, na kokoto moja ikiingia kwenye injini hiyo ya bei niliyoieleza, siku imekwisha. Citation za zamani ziliwahi kutengenezewa vifaa vya kujikinga na changarawe, lakini kuipata yenye vifaa hivyo ni bahati. Jeti iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo ni Pilatus PC-24, iliyoidhinishwa mwisho wa 2017, na hiyo siyo ya bei ya mtumba tunayoizungumzia hapa. Wenye hoteli za Serengeti na Maasai Mara wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mgeni anakuja na jeti hadi Kilimanjaro au Nairobi, kisha anahamia kwenye Cessna Caravan kwenda Seronera. Yaani hata tajiri wa jeti, maili zake za mwisho anabebwa na pangaboi.

Kuna hoja moja ya wapenda jeti ambayo nimeisikia mara nyingi: jeti inapita juu ya hali mbaya ya hewa. Kwa Ulaya wakati wa baridi, sawa, mara nyingi inapita. Huku kwetu mawingu ya radi hupanda hadi zaidi ya futi 50,000, na Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi kali zaidi duniani, hasa usiku. Jeti ndogo huishia kati ya futi 41,000 na 45,000. Hailivuki wingu la namna ile kwa juu. Inalizunguka, sawasawa na PC-12 au King Air, pangaboi ya injini mbili. Anayekwambia vinginevyo hajawahi kuruka Mwanza kwenda Entebbe saa tisa usiku mwezi wa nne.

Tena, kule juu kwenyewe kuna masharti. Tangu 25 Septemba 2008, anga la Afrika kati ya futi 29,000 na 41,000 limepangwa kwa tofauti ya futi elfu moja moja, na ndege isiyo na vifaa na kibali cha kuruka kwenye tabaka hilo kwa kawaida hubaki chini yake. Jeti kadhaa za miaka ya sabini na themanini ambazo hazikuwahi kufungwa vifaa hivyo bado zinauzwa. Mnunuzi asiyeuliza atajikuta na jeti inayoruka futi 28,000, ikinywa mafuta kama jeti na kwenda mbali kama basi. Nimeona mtu akiligundua hili baada ya kulipa. Halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo. Lilikuwa ni akiba ya familia.

Nisieleweke vibaya. Kuna safari ambazo jeti ndiyo jibu. Kampuni yenye migodi Lubumbashi, benki Nairobi na bodi inayokutana Kigali, ikisafirisha watu watano kila wiki kwa umbali wa kilomita elfu moja na kuzidi, kwenye viwanja vyenye lami ndefu, hiyo inaweza kuitumia jeti na ikailipa. Mfano bora tunao hapo Wilson kwa AMREF Flying Doctors, ambao mizizi yao ni ya mwaka 1957. Wanazo PC-12 na wanazo jeti za aina ya Citation. Mgonjwa akiwa kwenye kiwanja cha vumbi, inakwenda PC-12. Akihitaji kupelekwa mbali, nje ya ukanda, inakwenda jeti. Hawa maisha ya watu yako mikononi mwao na kila shilingi yao inahesabiwa, na hawakuchagua kimoja kwa ajili ya sura. Walianza na safari, wakamalizia na ndege. Na hata kwa umbali mrefu si kila jeti ndogo inafaa: Dar hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,440, Mustang haifiki bila kutua njiani kuongeza mafuta, wakati PC-12 ikiwa na abiria wachache inafika. Jeti itakayosimama Lilongwe au Harare kwa saa nzima ya mafuta na karatasi imeshapoteza kile kilichofanya inunuliwe.

Halafu kuna ule wimbo wa madalali: usijali gharama, ndege itajilipia kwa kukodishwa. Huu umeumiza watu wengi kuliko injini. Ndege binafsi huwezi kuikodisha kwa abiria wanaolipa hivi hivi tu. Lazima iwe chini ya mwenye cheti cha AOC, yaani cha kuendesha ndege kibiashara, na leseni ya huduma za anga kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya, na hilo lina maana ya matengenezo ya kiwango kingine, marubani wa kiwango kingine, miongozo, wakaguzi. Ukimkabidhi mwenye cheti ndege yako aiendeshe, anachukua chake kwanza. Ukiikodisha kwa kificho, siku ikipata ajali bima inajiondoa, na mwenye ndege anabaki peke yake mbele ya familia za marehemu. Hili la kificho lipo, kila mtu hangani, kwenye mabanda ya ndege, analijua, na naliona ni uhalifu ambao tumeuzoea vibaya.

Hata bila ajali, hesabu za mwaka ni kali. Chukua mfano tu: tuseme marubani, bima, hanga, mafunzo na ukaguzi wa kalenda vinakula dola 300,000 kwa mwaka, ndege iruke isiruke. Ukiruka saa 300, kila saa imebeba dola elfu moja kabla ya mafuta. Ukiruka saa 100, kila saa imebeba elfu tatu. Safari za mzee, ukiondoa zile za vumbi ambazo jeti isingeweza, zilikuwa 19 za Dar, nane za Dodoma, tano za Kigali na Entebbe, mbili za Nairobi na moja ya Johannesburg. Nilizijumlisha kwa kasi ya jeti, kwenda na kurudi. Hazikufika saa 100.

Kwa anayesoma hadi hapa na bado safari zake zinaidai jeti, ninayo machache ya kumwambia, na nayasema kwa uchungu kwa sababu nimeona yakipuuzwa.

Usinunue ndege ambayo ukaguzi wake wa kabla ya ununuzi umefanywa na karakana iliyokuwa ikiitunza. Karakana hiyo haiwezi kukuambia kwamba imekuwa ikifanya kazi vibaya. Peleka mahali pengine, lipia mwenyewe, na fundi wako awepo akiangalia wakati kamera ndogo inaingizwa ndani ya injini. Ulizia ukaguzi mkubwa ambao Cessna huuita Phase 5, unaofanyika kila miezi 36 au saa 1,200: umefanyika lini, na nani? Ndege inayouzwa miezi miwili kabla ya ukaguzi huo inauzwa kwa sababu ya ukaguzi huo. Daftari za ndege ziwe kamili tangu siku ilipozaliwa. Ukurasa uliopotea hauna namna ya kuulipia. Kipuri kisicho na historia kinahesabiwa kama kilichokwisha muda. Na kama ndege imeishi pwani, Florida au kisiwani, tafuta kutu chini ya sakafu, chini ya choo, kwenye viungo vya mabawa. Ukiileta Zanzibar au Mombasa, chumvi itaendelea pale ilipoachia, na itaingia hadi kwenye visu vya injini. Kuosha injini mara kwa mara kwa maji safi ni kazi ya dakika chache ambayo nimeiona ikirukwa kwa miaka.

Fedha zisipite kwa dalali. Kwa ndege za Marekani kuna utaratibu wa kuweka fedha kwa wakala wa kati, wengi wao wakiwa Oklahoma City iliko sajili ya ndege ya nchi hiyo, na hazitoki mpaka karatasi zote zimekaa sawa. Angalia madeni kwenye sajili ya kimataifa ya Mkataba wa Cape Town wa 2001, ile iliyoko Dublin, kwa ndege na kwa kila injini peke yake, kwa sababu injini inaweza kuwa na deni lake lenyewe. Kisha kuna safari ya kuileta nyumbani. Jeti ndogo haivuki Atlantiki kwa mruko mmoja. Inaruka kwa kudonoa, Goose Bay nchini Canada, Greenland, Iceland, Scotland, halafu inashuka Mediterania. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, ile njia ya moja kwa moja kutoka Misri ilifungwa, na marubani wakalazimika kuzungukia upande wa Saudi Arabia na Bahari ya Shamu. Vibali vya kupita kwenye anga za nchi zote za njiani huchukua siku, na siku hizo zinalipiwa.

Na nani ataitengeneza? Swali hili naliweka juu ya yote. Injini za PT6 zipo kwenye Caravan, King Air na PC-12, na mafundi wanaozijua wapo Wilson, Arusha na Dar, vijana wetu waliozishika kwa mikono yao miaka na miaka. Kipuri kikikosekana, jirani anacho. Kwa jeti ndogo ya aina adimu unaipeleka Lanseria, karibu na Johannesburg, au unamleta fundi kwa tiketi, hoteli na posho. Zipo jeti nzuri ambazo kampuni zake zilianguka: Eclipse iliingia kwenye ufilisi mwaka 2008, Hawker Beechcraft waliokuwa wakitengeneza Premier I mwaka 2012. Bei za ndege hizo sokoni huvutia. Mimi nisingemshauri mtu wa Afrika Mashariki kuzigusa.

Mzee nilimrudishia orodha yake nikiwa nimeandika pembeni mwa kila safari ni ndege gani ingeifanya. Aliisoma kimya, akauliza maswali mawili kuhusu King Air, kisha akaniuliza lililokuwa moyoni: "Kwa hiyo wewe kijana wangu unataka nionekane nashuka kwenye pangaboi mbele ya wale wa benki?" Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako ninaiheshimu, lakini wale wa benki wataiona karatasi ya mikopo kabla ya kuiona ndege." Hakujibu siku ile.

Msimu wa pamba uliopita alikodi King Air kwa saa, kutoka kampuni yenye cheti, na akawa anatoka Mwanza asubuhi, anatua kwenye changarawe ya kiwanda, anafika Dar kabla ya chakula cha mchana. Mwisho wa msimu alijumlisha risiti zote akanitumia jumla yake. Ilikuwa chini ya ile gharama ya kukaa tu ya Citation, kabla ya mafuta. Citation yenyewe bado ipo sokoni. Dalali alinitumia tena picha zake wiki iliyopita, bei imeshuka mara ya pili, na Phase 5 yake bado haijafanyika.